Vitz kuukuu mbele yako: dalili, chanzo, na lini uondoke

Magari madogo ya bei ya chini Nairobi yanajulikana: Toyota Vitz, Mazda Demio, Nissan March, Honda Fit. Mengi ya yale yenye namba za KB na za mwanzo wa KC yaliundwa Japani kati ya mwaka 2000 na 2008, yakaingia kupitia Mombasa yakikaribia umri wa mwisho unaoruhusiwa, yaani miaka minane, kisha yakatumika hapa miaka mingine mingi. Kwa hiyo namba ya KCA inakuambia gari lilisajiliwa Kenya lini, haikuambii lilizaliwa lini. Ukitaka lisilo na kasoro utatembea yadi zote za Ngong Road na urudi nyumbani kwa matatu.

Suala ni kasoro ipi. Mlio ule ule chini ya gari unaweza kuwa linki ya sasipensheni ya pesa kidogo au mkono wa sasipensheni uliopindwa na ajali. Mtetemo ule ule unaweza kuwa plagi, unaweza kuwa giaboksi. Yapo mambo manne tu ya kunifanya niage na kuondoka: injini iliyochemka ikaunguza gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku), giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda) iliyochoka, gari lililozama kwenye mafuriko, na karatasi zisizosema kitu kimoja. Mengine yote ni hoja za kupunguziwa bei.

Umefika, na injini tayari ina joto

Broka atasema, "Boss, nilikuwashia mapema usipoteze wakati." Huo si ukarimu. Injini baridi ndiyo husema ukweli: stata inayovuta kwa shida, moshi wa sekunde za kwanza, mlio wa cheni, mngurumo unaopanda na kushuka kabla ya kutulia. Ikishapata moto, mengi ya hayo hujificha.

Usipime kwa kugusa boneti, kwa sababu kufikia saa nne asubuhi jua limeshaipasha hata kama gari lililala. Gusa bomba la juu la rejeta. Likiwa na moto, omba kurudi kesho alfajiri na useme wazi kwamba gari lisiwashwe kabla hujafika. Mwenye gari zuri hatakataa.

Likiwashwa baridi, sikiliza upande wa cheni. Magari haya manne, kuanzia matoleo ya 2003 hivi, hutumia cheni ya taimingi na si mkanda. Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili kisha kimya mara nyingi ni oili iliyopungua au iliyochelewa kubadilishwa. Ukiendelea hata injini ikipata joto, cheni imelegea. March ya umbo la duara, ile ya K12, inajulikana kwa ugonjwa huu, na kwa kawaida taa ya injini huwaka pamoja nao. Na muuzaji akijisifu kwamba "mkanda wa taimingi umebadilishwa juzi," basi anasimulia mkanda wa altaneta, au anasimulia gari lingine.

Taa ya dashibodi isiyowaka kabisa

Wanunuzi wengi huogopa taa inayokataa kuzima. Mimi huogopa zaidi ile isiyowaka. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote ziwake, kisha zizime zenyewe, za injini, oili na betri baada ya kuwasha. Taa ya mifuko ya hewa ikibaki kiza tangu mwanzo, huenda mifuko ilifyatuka kwenye ajali na mtu akang'oa balbu au kuifunga na tepu. Taa ya injini ikibaki kiza, kuna jambo hataki ulione.

Baada ya hapo chomeka kisomaji cha OBD, kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, chini ya usukani. Vile vidogo vya bluetooth vinavyofanya kazi na simu vinatosha. Usisome tu kama kuna hitilafu. Soma pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vikionyesha havijakamilika, ama betri ilichomolewa karibuni, ama hitilafu zilifutwa asubuhi hiyo hiyo kwa ajili yako.

Injini inachemka, au kuna ishara iliwahi kuchemka

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Vitz ya kizazi cha pili, Fit ya zamani na Demio ya 2007 kwenda mbele hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikishazidi. Katikati hakuna habari yoyote. Dereva akiiona nyekundu yuko katikati ya msongamano wa Jogoo Road na hana pa kusimama, hivyo anaendelea, na hedi inapinda. Ndiyo maana magari mengi ya aina hii yana historia ya kuchemka ambayo hata mwenyewe hakuielewa.

Kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yenye rangi ya kulanti, nyekundu, waridi au kijani, ni dalili njema. Maji ya kahawia yenye kutu yanamaanisha mwenyewe amekuwa akijaza ya bomba au ya kisima, na ndani ya rejeta na pampu kumeanza kuliwa. Utando wa oili juu ya maji ni habari mbaya zaidi. Kisha chomoa kijiti cha oili na ufungue kifuniko cha kujazia oili. Povu la rangi ya maziwa kwenye kijiti maana yake maji na oili vimekutana. Povu kidogo chini ya kifuniko pekee, hasa baridi ya Julai na kwa gari la safari fupi za kupeleka watoto shule, linaweza kuwa mvuke tu. Watu wengi huacha gari zuri kwa sababu ya kutotofautisha hayo mawili.

Washa, acha kifuniko wazi, tazama maji. Mapovu machache mwanzoni ni hewa inayotoka. Yakiendelea bila kukoma, au maji yakiruka, gesi ya silinda inapita kwenye gasketi. Ishara nyingine ya jambo hilo hilo: kifuniko kikirudishwa, bomba la juu linakuwa gumu ndani ya dakika chache wakati bado halijapata moto.

Kama gasketi inaonekana salama lakini joto linapanda, tafuta lini linapanda. Likipanda ukiwa umesimama na kushuka ukiondoka, chanzo ni feni: mota yake, rilei yake au waya. Likipanda kwenye mlima au kwenye mwendo mrefu, shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji au maji yaliyopungua. Vitz ya silinda tatu, yenye injini ya 1KR, hupenda kuvuja kwenye pampu; tafuta alama za waridi zilizokauka upande wa mkanda. Kwenye kisomaji, joto la injini lielee karibu na nyuzi 90, feni iwake, joto lishuke, feni ijizime. Subiri uone mzunguko huo ukitokea mara mbili.

Kuna jambo la Nairobi hasa. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Mpira wa kifuniko ukichoka, injini nzima kabisa inaweza kumwaga maji kwenye chupa ya akiba huku ikifanya kazi kwa joto lake la kawaida. Nimeona watu wakiuziwa wazo la kubadilisha injini wakati dawa ilikuwa kifuniko kipya. Basi ukiona maji yanatoka, jaribu kwanza kifuniko chenye kipimo sawa na kile cha zamani.

Taa ya buluu ikikataa kuzima kwa muda mrefu, mara nyingi fundi aliondoa termostati (vali inayozuia maji kuzunguka hadi injini ipate joto) akisema Afrika kuna joto, haihitajiki. Inahitajika. Bila hiyo injini hukimbia baridi na kunywa mafuta. Kuirudisha ni rahisi, lakini uliza kwa nini iliondolewa. Mara nyingi jibu ni kwamba gari lilikuwa linachemka na chanzo hakikupatikana.

Injini inatetemeka ikiwa imesimama

Kwanza jua una silinda ngapi. Bamba la kiwandani lenye kodi ya modeli, si bamba la namba, hutoa jibu: Vitz ya KSP90 ni lita 1.0 ya silinda tatu, SCP90 ni 1.3 ya silinda nne, NCP91 ni 1.5. Angalia, kwa sababu 1.0 huuzwa mara kwa mara kwa jina la 1.3. Silinda tatu hutetemeka kidogo kwa asili yake na hakuna fundi atakayeiponya.

Weka mguu kwenye breki, ingiza D, kisha rudisha N. Mtetemo ukizidi kwenye D na kutulia kwenye N, maunti za injini, yaani mipira inayoishikilia, zimechoka. Kwenye Demio ile ya upande wa kulia yenye majimaji ndani huvuja na kulala. Mtetemo ukiwa ule ule, na ekzosi inapiga kwa kuruka, kuna silinda isiyowaka: plagi au koili. Fit ya 1.3 yenye plagi mbili kila silinda ina plagi nane, na mafundi wengine hubadilisha zile nne za mbele tu. Mngurumo unaopanda na kushuka wenyewe ni uchafu kwenye mlango wa hewa. Yote haya ni ya kupunguziwa bei.

Halina nguvu mlimani

Usilihukumu haraka. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Vitz ya 1.0 ilitoka kiwandani na nguvu-farasi 71. Huku inabaki na chini ya 60. Ukiwa na abiria wanne ukipanda Valley Road, itachoka hata ikiwa mpya. Ulinganisho wa haki ni dhidi ya gari lingine la aina ile ile, si dhidi ya Probox ya jirani.

Likichoka kupita kiasi, angalia chujio la hewa, kisha ekzosi. Masega (kisafishio cha moshi ndani ya ekzosi) yakiziba, gari huanza vizuri na kukosa pumzi kadiri mwendo unavyopanda. Yakiwa yamekatwa na kuuzwa, utasikia sauti kubwa na taa ya injini itawaka.

Moshi

Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea dakika chache baadaye ni mvuke. Ukibaki, ukawa na harufu tamu, rudi kwenye gasketi ya hedi. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi sensa au chujio. Wa buluu unahitaji subira zaidi: ukitoka tu wakati wa kuwasha baada ya gari kulala, ni mihuri ya valvu, ambayo unaweza kuishi nayo huku ukiongeza oili. Ukitoka kila unapokanyaga akseleta, ringi za pistoni zimechakaa na injini inaomba kufunguliwa. Mwombe mtu akufuate nyuma kwa gari lake, maana ndani hutauona.

Giaboksi inasita, inatetemesha au inalia

Mengi ya magari haya yana CVT, ambayo haina gia za kubadilika bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Ikitunzwa hudumu. Ikiwekwa oili ya giaboksi ya kawaida badala ya oili yake maalumu, kwa Toyota ile ya TC au FE, huanza kufa polepole, na jambo hilo limefanywa hapa mara nyingi na mafundi waliozoea Corolla za zamani.

Injini ikiwa baridi, mguu kwenye breki, ingiza R, subiri; ingiza D, subiri. Gari lijivute bila kuchelewa na bila kupiga kishindo. Kuchelewa kwa sekunde mbili au zaidi ni oili kidogo, oili mbovu au vali za ndani zilizochakaa. Kisha ondoka taratibu kabisa, kama mtu aliye kwenye foleni. Mtetemo wa kuondoka kwenye Honda Fit ya kizazi cha kwanza hutoka kwenye klachi ya kuanzia, na wakati mwingine huisha kwa kubadilisha oili na kuweka ile ya Honda yenyewe. Usinunue kwa kutegemea "wakati mwingine." Mwambie muuzaji aibadilishe kwanza, uje ujaribu tena.

Mlio wa kuimba unaopanda pamoja na mwendo ni beringi za ndani au mkanda. Injini kupiga kelele bila gari kuongeza mwendo ni mkanda unaoteleza. Dalili hizi mbili hujitokeza vizuri giaboksi ikiwa moto, ndiyo maana mzunguko wa dakika tano kuzunguka yadi hauna maana. Chukua Waiyaki Way kutoka Westlands, upande Kangemi hadi Uthiru, urudi, kisha ukae kwenye msongamano. Giaboksi nyingine ya mtumba inapatikana kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, lakini hujui ilitoka kwenye gari gani wala ilikuwa na oili gani. Kwangu CVT inayolia ikiwa moto ni sababu ya kuaga.

Kelele chini ya gari

Matuta yetu na mashimo huua sasipensheni mapema, hivyo kelele hapa ni jambo la kutarajia. Mgongano mwepesi kwenye mashimo madogo ni linki za stabilaiza. Kishindo kizito ni vichwa vya shoki au boljointi. Mlio wa tak-tak ukikata kona usukani umefika mwisho ni jointi ya ekseli ya mbele. Mvumo unaobadilika unapoegemea kona moja ni beringi ya gurudumu, isipokuwa tairi zimeliwa vibaya.

Tairi zenyewe zisome. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi iliyoliwa ukingo wa ndani pekee, hata baada ya kupimwa alainmenti, hunifanya nitafute mkono uliopinda na, juu yake, chesisi iliyonyooshwa.

Bodi inang'aa kupita umri wake

Rangi mpya kwenye gari la miaka kumi na tano huficha kitu. Tazama bolti za mbawa za mbele na za boneti: zikiwa zimekwaruzwa rangi, zilifunguliwa. Inua zulia la buti utazame kisima cha gurudumu la akiba. Welding ya hapo haidanganyi. Vioo vingi Nairobi huchongwa namba ya gari kuzuia wizi, kwa hiyo namba zisizolingana zinauliza maswali.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 magari yaliyozama yalisafishwa na kurudi sokoni. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho na utafute mstari wa tope. Pitisha kidole kwenye reli za viti. Bolti za viti zenye kutu, harufu ya uvundo chini ya manukato makali na ukungu ndani ya taa zote mbili vinatosha. Gari lililozama litakuletea hitilafu ya umeme kila mwezi, na kila moja itakuwa mpya.

Kilomita chache sana

Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na Vitz nyingi zikaenda kufanya teksi. Teksi haina kosa, kosa ni kuuzwa kama "gari la mwalimu wa kike, lilikuwa la kanisani tu." Tazama pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva, na vishikio vya milango ya nyuma. Gari la familia huchakaa kwa dereva. Teksi huchakaa na nyuma pia, na huacha alama ya kishikio cha simu kwenye dashibodi. Vibandiko vya huduma kwenye boneti au nguzo ya mlango vikisema kilomita nyingi kuliko dashibodi, umeshapata jibu.

Karatasi, na waya usioelezeka chini ya usukani

Fanya utafutaji wa gari kwenye eCitizen kupitia NTSA kabla ya kulipa hata pesa za kushikia. Jina lililopo lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma ilingane na ya logbook. Ikionekana imesuguliwa au fonti yake imebadilika katikati, ondoka. Jina la benki au la mkopeshaji likiwa pamoja na la mwenye gari, deni halijaisha, hata ukiambiwa limebaki kidogo.

Kuna dalili moja ambayo haiko kwenye skrini. Gari likizima ghafla au betri ikilala tupu bila sababu, chungulia chini ya dashibodi. Mara nyingi ni king'ora kilichofungwa vibaya. Lakini waya unaoelekea kwenye kisanduku kidogo cheusi unaweza kuwa trekari (kifaa cha kufuatilia gari) iliyowekwa na waliokopesha kwa dhamana ya logbook, wenye uwezo wa kuzima gari lako wakati wowote. Uliza ni ya nani na malipo yake yanaenda wapi, kisha uombe barua ya kuondolewa deni.

Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake mwenyewe na wewe unaukubali kwenye yako. Akikuambia mwenye gari yuko Dubai lakini "fomu zimeshatiwa sahihi," mwambie akupigie mwenye gari atakapoingia kwenye akaunti yake, na ufunguo abaki nao hadi siku hiyo.